Milango Isiyotumika Katika Posta ya Kompyuta

Somo la leo ni la historia, ingawa litaanzia katika chumba kidogo chenye kompyuta moja isiyozimwa usiku wala mchana. Chumba cha namna hiyo kimo katika ofisi nyingi siku hizi, hata hapa Sumbawanga. Kompyuta hiyo huitwa sava, na ile ninayotaka kuizungumzia ni sava ya barua pepe. Kazi yake ni kazi ya nyumba ya posta: hupokea barua, huzigawa katika visanduku vya wenyewe, na zile zinazokwenda mbali huzikabidhi kwa posta nyingine.

Basi, sava hiyo inapowekwa kwa mara ya kwanza, huja na kazi nyingi kuliko zile ulizoziomba. Barua zake zinaweza kusomwa kwa simu kutoka popote. Inaweza kumjibu mtu yenyewe, kwamba Bwana fulani yuko likizo mpaka tarehe fulani. Inaweza kumpelekea mtumishi nakala za barua zake katika kisanduku cha nje ya ofisi. Siku moja fundi anamwuliza mkuu wa ofisi: "Mzee, kazi hizi za ziada tuzizime au tuziache?" Mara nyingi jibu huwa, "Ziache tu, huenda tukazihitaji." Jibu hilo lina umri mkubwa. Limekwisha kuwaponza watu wenye elimu kubwa kuliko mimi na wewe, na ndiyo maana nimelifanya kuwa somo la historia.

Mfipa anayejua habari za wazee wake hatashangaa nikianza kusema juu ya matundu. Juu ya uwanda huu wa Ufipa wahunzi walijenga tanuru za udongo za kuyeyushia chuma, ndefu kupita kimo cha mtu, na mabaki yake yangali yakionekana mashambani. Tanuru ile kubwa haikuvukutwa kwa mivukuto. Upepo uliingia wenyewe kwa mabomba ya udongo yaliyopitishwa katika matundu ya chini, kisha chuma kikasafishwa katika tanuru ndogo yenye mivukuto. Katika kazi ya namna ile tundu si pambo. Ni njia, na kinachopita katika njia hiyo, kikiwa ni upepo au ni mtu, hakikuulizi kama ulikuwa umeikumbuka.

Sasa tutoke Ufipa kwa muda, twende Marekani. Mwaka 1971 Bwana Ray Tomlinson alipeleka barua kutoka kompyuta moja kwenda nyingine katika mtandao ulioitwa ARPANET. Yeye ndiye aliyechagua ile alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la kompyuta yake. Miaka 11 baadaye, Agosti 1982, Bwana Jonathan Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California aliandika kanuni za jinsi posta mbili za kompyuta zinavyopaswa kuzungumza. Kanuni hizo zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini msingi wake ndio tunaoutumia mpaka leo. Barua uliyoipeleka jana Dodoma au Mbeya ilisafiri kwa adabu alizozipanga Postel.

Katika kanuni zile kuna amri 7 tu ambazo kila posta ililazimika kuzijua: kujitaja jina, kumtaja mwenye kupeleka, kumtaja mwenye kupokea, kutoa barua yenyewe, kufuta na kuanza upya, kuulizana kama bado mpo, na kuagana. Zilizobaki zilikuwa za hiari. Ziangalieni kwa makini. Amri moja, iliyoandikwa VRFY, ilimruhusu mgeni kuuliza, "Je, fulani anakaa hapo kwenu?" Nyingine, EXPN, ilisema, "Nisomee majina yote yaliyomo katika orodha yenu hii." Nyingine ilitokeza maneno moja kwa moja juu ya kioo cha mtu aliyekuwa kazini saa ile. Na amri ya TURN iliziruhusu posta mbili kubadilishana nafasi, aliyekuwa akileta barua akawa sasa anapewa.

Msifikiri Postel alikuwa mzembe. Mwaka ule wa 1982 kompyuta zilizounganishwa zilikuwa mia chache tu, na wengi wa wenyeji wake walijuana kwa majina. Ilikuwa kama mji mdogo ambao bwana posta anamfahamu kila mtu. Ukimwuliza kama mwalimu fulani amehamia, anakujibu, na hapana dhara. Lakini mji ulikua, na bwana posta akaendelea kuwajibu hata wapita njia. Amri ya TURN ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa mtu aliweza kujitaja kwa jina la posta isiyo yake na kuchukua barua za wengine. Kanuni mpya zilizotolewa Aprili 2001 zikashauri isitumiwe.

Nimetangulia kueleza hayo ili mwelewe tukio la mwaka 1988, ambalo ndilo kiini cha somo hili.

Programu ya posta iliyoenea sana wakati ule iliitwa sendmail. Iliandikwa na Bwana Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ilikuwa na uwezo mkubwa, lakini kuitengeneza ili ifanye kazi vema kulikuwa kazi ya kuumiza kichwa. Kwa hiyo iliwekewa kazi ya ziada, amri iliyoitwa DEBUG, ya kumsaidia fundi kupima. Fundi akiwa mbali aliweza kuiambia sava barua hii isiende kwa mtu, bali iende kwa programu, nayo programu itekeleze maneno yaliyomo. Kwa mwenye kupima ni raha kubwa. Kwa mwingine yeyote ni sawa na kumwachia mgeni ufunguo wa nyumba kwa sababu fundi wa paa aliwahi kuutumia.

Amri ile ingefaa kuondolewa baada ya kupima. Haikuondolewa. Kompyuta nyingi ziliuzwa na kuwekwa maofisini hali mlango ule uko wazi, na wenye ofisi hawakujua kama upo.

Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachilia programu iliyojisafirisha yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Aliianzishia katika kompyuta ya chuo kingine, MIT. Ilikuwa na njia kadhaa za kuingilia: ilikisia maneno ya siri, ilitumia kosa katika programu nyingine ndogo, na ilitumia mlango huo wa DEBUG. Haikufuta mafaili ya mtu. Ilizaana tu, mpaka kompyuta zikalemewa na kusimama. Waliojaribu kukisia hesabu walisema zilipatwa kama 6,000, katika mtandao uliokuwa na kompyuta kama 60,000. Morris alihukumiwa mwaka 1990: miaka 3 chini ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii, na faini ya dola 10,050.

Watu wengi huishia hapo wanapoisimulia habari hii, nao hufundisha kwamba ukiona tundu, ziba. Mimi naiona sehemu ya pili kuwa na faida zaidi. Usiku ule ule rafiki mmoja wa Morris, Andy Sudduth wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipeleka ujumbe bila kutia jina lake, akieleza jinsi ya kujikinga. Ujumbe haukuwafikia wengi kwa wakati, kwa kuwa posta zenyewe zilikuwa zimelemewa. Asubuhi ya tarehe 3 wataalamu wa Berkeley wakatoa dawa ya kwanza: namna ya kuiondoa amri ya DEBUG katika sendmail. Dawa hiyo nayo ilipelekwa kwa mtandao. Lakini wakati huo ofisi nyingi, kwa hofu, zilikuwa zimekata waya kabisa, na zingine zimezima posta nzima. Hizo hazikuipata dawa mpaka baadaye, na zingine zilikaa siku kadhaa gizani.

Tazama basi. Aliyeacha kila kitu wazi aliingiliwa, na aliyefunga kila kitu hakusikia alipoitwa. Kilichotakiwa kilikuwa kazi ndogo sana, kuzima amri moja, lakini ilihitaji mtu anayejua kwamba amri hiyo ipo.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1989, kanuni zilifanyiwa nyongeza, na ndani yake mna jambo linalonipendeza. Sava iliyoulizwa kama fulani anakaa hapo ilipewa jibu la adabu, lenye namba 252. Maana yake ni kama kusema: "Siwezi kukuhakikishia, lakini ilete barua, nitajaribu kuifikisha." Mwenye haki anapokelewa barua yake, na mdadisi anakosa orodha.

Hapa Afrika Mashariki tuliingia katika habari hizi kwa mlango mwingine. Miaka ya mwanzo ya 1990 barua pepe za vyuo vikuu, hospitali na mashirika ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zilikusanywa katika kompyuta moja mpaka simu ipigwe, kisha zikapelekwa zote kwa mkupuo, kwa kuwa simu ilikuwa ghali. Mradi wa HealthNet uliwaunganisha madaktari wa nchi kadhaa za Afrika kwa namna hiyo, Tanzania ikiwa mojawapo. Katika hali ile kumpokelea mwenzio barua na kumfikishia mbele kulikuwa wema, tena wema wa lazima. Dunia nzima ilifanya hivyo: sava yoyote ilipokea barua ya mtu yeyote na kuisogeza.

Wema huo uliharibiwa na wafanya biashara wa barua za ovyo. Waligundua kwamba wanaweza kutupa barua moja yenye majina elfu nyingi katika sava ya mtu mwingine, na yeye ndiye aumie kwa kuzisambaza. Mwaka 1998 sendmail ilibadilishwa, ikatoka kiwandani hali kazi hiyo imezimwa, na anayeitaka aifungue mwenyewe. Februari 1999 likatolewa shauri rasmi kwa watengenezaji wote wa posta za kompyuta la kuzuia jambo hilo. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana. Zamani mlango ulikuwa wazi mpaka mtu akumbuke kuufunga. Sasa umefungwa mpaka mtu aombe ufunguliwe. Mtu husahau katika hali zote mbili, lakini hasara si moja.

Tukirudi nyumbani: kwa miaka mingi umbali wenyewe ulikuwa kinga yetu. Kabla ya Julai 2009, SEACOM ilipofikisha waya wake wa chini ya bahari Dar es Salaam, intaneti ya Tanzania ilitegemea sana setilaiti, nayo ilikuwa ya polepole na ya gharama. Mwizi wa ng'ambo hakuwa na haja ya kuhangaika na ofisi iliyo juu ya uwanda wa Ufipa. Siku hizi haoni uwanda wala bonde. Haijui Sumbawanga; anaona namba tu, na programu yake inagonga namba zote kwa zamu.

Watu wengi hulifasiri jina la mji huu kuwa ni "tupa uchawi", yaani mgeni auache wanga wake nje kabla ya kuingia. Laiti sava zetu zingeweza kuwaambia wageni hivyo wakatii!

Jambo la mwaka 2021 litawaonyesha kwamba habari hizi si za kale. Tarehe 2 Machi mwaka huo kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba sava yake ya barua, Exchange, inayotumiwa na ofisi nyingi duniani, ina kasoro 4 ambazo wezi walikuwa wamekwisha anza kuzitumia. Kwa kasoro ya kwanza mtu wa nje asiye na neno la siri aliweza kuingia kwa njia ile ile ambayo watumishi huisomea barua wakiwa safarini. Dawa ilitolewa siku hiyo. Lakini kwa ofisi zisizoweza kuiweka mara moja, kampuni ilitoa shauri la muda: zimeni baadhi ya kazi, kama ile ya kupokea ujumbe wa sauti na ile ya kuiongoza sava kwa kurasa za wavuti. Ikaonya kwamba kazi hizo zitakosekana kweli, na kwamba kuzizima si badala ya dawa. Hata wakubwa walipatwa. Mamlaka ya Benki ya Ulaya, iliyoko Paris, ilizitoa posta zake mtandaoni kwa muda, na Bunge la Norwe likatangaza kwamba taarifa zake zimechukuliwa.

Sasa nitatunga ofisi moja kwa ajili ya somo, msiitafute mjini. Ina watumishi 40, sava moja, na fundi mmoja ambaye pia hutengeneza mashine ya kuchapishia. Katika visanduku vyake mna majina ya wagonjwa, hati za malipo, matokeo ya watoto kabla hayajatangazwa, na mashtaka ya watumishi ambayo hayajaamuliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayezishika habari za watu azilinde. Kwa hiyo swali la fundi si la ufundi peke yake. Ikiwa barua zikivuja mwenye kujibu ni mkuu wa ofisi, basi na uamuzi ni wake.

Nianze na kazi ya kupeleka nakala nje yenyewe. Hii ningeizima kwa wote, bila kusitasita. Mtumishi huiweka kwa nia njema, apate barua zake katika kisanduku chake cha nyumbani. Kisha anahamishiwa Mpanda, na barua za ofisi zinaendelea kumfuata kama mbwa aliyeachwa. Lililo baya zaidi ni kwamba mwizi akilipata neno la siri la mhasibu, mara nyingi haibi kitu siku hiyo. Anaweka amri ndogo kwamba kila barua yenye neno "malipo" ipelekwe kwake pia. Anasoma kwa wiki nyingi. Siku malipo yanapokaribia, anaandika kwa lugha ile ile ya mhasibu, akibadili namba ya akaunti tu. Kama kuna mtu mmoja ambaye kweli hawezi kufanya kazi bila nakala hizo, afunguliwe yeye peke yake, kwa maandishi, na tarehe ya mwisho iwekwe.

Amri za kuuliza majina, zile za mwaka 1982, nazo zizimwe. Jibu la 252 latosha.

Kazi ya kusoma barua kwa simu kutoka nje ndiyo ngumu, na hapa naomba mnisikilize polepole, kwa sababu mafundi wengi wangependa kuizima. Wana hoja: mwaka 2021 wezi walipitia huko. Lakini fikiri juu ya yule afisa aliyeshuka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze au Mtowisa, au aliyeko Kirando pwani ya Ziwa Tanganyika kwa wiki mbili. Ukimfungia, hataacha kuandika. Atatumia kisanduku chake binafsi, au atapiga picha ya majina ya wagonjwa na kuituma kwa simu kwa rafiki ofisini. Barua zitakuwa zimehamia mahali ambapo huna mamlaka napo, nawe utakaa ukisifu ulinzi wa sava isiyo na kitu ndani. Kwa hiyo kazi hii iachwe wazi, lakini iwekewe kufuli la pili, yaani namba inayotoka katika simu ya mwenyewe kila anapoingia, na dawa za mtengenezaji ziwekwe siku zinapotolewa, si mwisho wa mwezi. Ofisi isiyo na mtu wa kufanya hivyo ijiulize kama inapaswa kuwa na sava yake hata kidogo. Serikali ina Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019, inayosimamia mfumo wa barua pepe serikalini, hivyo mengi ya haya huamuliwa huko. Hospitali ya binafsi, chama cha ushirika au shule isiyo ya Serikali haina bahati hiyo.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Fundi mwangalifu hasemi, "Nadhani kazi hii haitumiki." Sava huandika daftari la kila inachofanya, alisome. Lakini asisome mwezi mmoja tu akaridhika! Kuna kazi inayolala mwaka mzima na kuamka Juni, hesabu za mwaka wa Serikali zinapofungwa tarehe 30. Ukiizima Machi kwa kuwa haina mtumiaji, utamjua mtumiaji wake usiku wa tarehe 29. Kwa sababu hiyo azime moja moja, aache siku kadhaa kati yake, na kila mara aandike katika kitabu cha kawaida cha karatasi: amezima nini, siku gani, kwa idhini ya nani, na inafunguliwaje tena. Nasema karatasi kwa kusudi. Maelezo yaliyo ndani ya kompyuta hayasomeki siku kompyuta yenyewe isipofunguka.

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi cha kusikiliza kitafute mtu mmoja anayefanya kazi katika ofisi yenye sava ya barua. Mwulizeni maswali mawili. Kwanza, ni kazi gani ya ziada iliyo wazi huko ambayo hakuna anayekumbuka aliyeifungua? Pili, ikizimwa kesho asubuhi, ni nani atakuwa wa kwanza kupiga simu, naye atapiga kutoka wapi? Majibu yaandikwe, bila kutaja jina la ofisi, na kiongozi wa kikundi aje nayo.